Kaboni Mpya za Mtaa wa Kongo

Nyinyi vijana mnaokaa kwenye steshenari za Kariakoo, mnaowachapia watu barua, kuwasajilia laini na kuwafungulia akaunti, huwa nasimama mlangoni nawatazama mnavyofanya kazi. Mama wa watu anakutajia namba yake ya siri kwa sauti, wewe unaiandika kwenye kipande cha karatasi, halafu unakiacha mezani unaenda kununua chapati. Juzi mjukuu wangu alinikuta nimesimama hivyo kwenye duka lake, akaniambia, "Shikamoo babu, mbona umenuna?" Nikamwitikia marahaba nikaondoka. Nilichotaka kumwambia ni kirefu, na wateja walikuwa wamepanga foleni. Basi nimekiandika.

Mimi niliandika barua za watu kwa miaka ishirini na mitatu, kwenye baraza ya duka moja Mtaa wa Kongo, si mbali na soko. Nilikuwa na meza, kiti, benchi la mteja na mashine ya taipu. Wateja wetu wengi walikuwa wa kusini kama mimi: Wamwera, Wamakonde, Wayao, wachukuzi wa bandarini, wauza samaki wa Feri, wapishi wa mama ntilie. Wengine hawakujua kusoma. Wengine walijua vizuri tu, ila waliamini barua iliyopigwa taipu haitupwi haraka ofisini.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Salim. Ukoo wao ulitoka Arabuni zamani sana. Yeye mwenyewe alizaliwa Mtaa wa Sikukuu, na Kiswahili chake kilinishinda mimi niliyetoka Lindi na maneno yangu nusu. Siku ya kwanza nilipachika kaboni, ile karatasi ya wino inayotoa nakala, kinyume. Upande wenye wino unatakiwa utazame karatasi ya chini, mimi nikauelekeza juu. Nikapiga barua nzima ya kuomba likizo, nikaichomoa kwa mbwembwe: nakala ya chini nyeupe pe, na mgongoni mwa barua yenyewe maneno yote yamejipiga kinyumenyume. Salim aliitazama mbele, akaitazama nyuma, akamwambia mteja, "Usijali. Hii bosi wako ataisoma kwenye kioo." Mteja alicheka mpaka akakohoa. Karatasi nililipa mimi.

Kosa la pili lilikuwa la salamu. Nyinyi mnasema "Mambo", mnajibiwa "Poa", mmemaliza. Barua ya kusini ilikuwa na nusu ukurasa wa salamu kabla ya neno lolote, kila mtu na jina lake, na wagonjwa wanaulizwa mmoja mmoja. Mimi kwa uvivu nikazifupisha, nikaandika "wasalimie wote". Nilipomsomea mzee mwenye barua, aliisogeza karatasi kando. Kisha akasema, "Mwanangu, shangazi yangu umemuua. Akisikia barua imesomwa na jina lake halimo, hatakula leo." Nikaanza upya. Tangu siku hiyo nilijua kwamba barua si yangu hata kidogo, hata kama vidole ni vyangu.

Salim alikuwa na masharti yake. Mteja akae mgongo ukitazama mtaa, midomo yake isisomwe na wapita njia. Unapomsomea, soma kwa sauti ya kuishia kwenye sikio lake. Na barua ukishaipiga, isahau. "Ukikutana naye sokoni," aliniambia, "muulize habari za nyumbani kama mtu asiyejua lolote. Hata kama wewe ndiye uliyeandika kwamba mkewe kamkimbia."

Wakati ule Chama kilikuwa kimoja, na mtu alikuwa ama wa Chama ama wa kutiliwa shaka. Salim ujanani aliwahi kushabikia chama kingine kidogo, ambacho baadaye kilifutwa. Tena nyumba ya baba yake ilitaifishwa. Kwa hayo mawili aliitwa mnyonyaji na kibaraka, na watoto waliokuwa hawajui maana ya maneno hayo walimwita hivyo hivyo. Mnyonyaji mwenyewe alikuwa na mashati matatu, moja lina kiraka kwapani. Mimi nilipopata kadi ya Chama nilihamisha meza yangu, nikaipeleka upande wa pili wa baraza. Hakuna aliyenilazimisha, na nataka mlijue hilo. Nilikuwa kijana, nilipenda kuonekana upande unaotakiwa, na kwa miaka minne sikumsalimia mtu aliyenifundisha kupachika karatasi.

Nikawa jirani na Kanuti. Huyu alikuwa Mkristo wa Masasi, mpiga taipu hodari, na balozi wa nyumba kumi mtaani kwao. Balozi alikuwa kiongozi wa Chama wa karibu kabisa: nyumba kumi zake alizijua, wageni wao aliwajua, na ugomvi wao aliusuluhisha. Kanuti alikuwa mwana Chama wa kweli, si wa kupigia makofi tu. Kadi yake aliiweka mfukoni pamoja na rozari, akisema zote mbili anaziapia. Salim yeye hakumsemesha kabisa, akitaka kupita alimwambia paka wa dukani, "Mwambie huyo bwana asogeze kiti."

Sasa mjue kwamba bidhaa ziliadimika. Leo hakuna sabuni, kesho hakuna mafuta, na sisi kilichotutesa ni kaboni. Karatasi moja ya kaboni tuliitumia mpaka inatoboka. Ikichoka tulikuwa tunaianika juani kidogo ili wino wake ulainike usambae, tunaigeuza juu chini, inaanza maisha mapya. Nakala zake ulizisoma kwa imani.

Katika hali hiyo akaja bwana mmoja. Alikuwa mpole, nguo safi, faili kwapani. Hakusema anatoka ofisi gani, na sisi hatukuuliza. Alisema ofisi yao imeona shida ya waandishi wadogo na inataka kuwasaidia. Atatuletea kaboni mpya kila Ijumaa, bure, ila kwa utaratibu: kila moja itumike mara moja tu ili nakala iwe safi, na iliyotumika irudishwe, tuhesabiane moja kwa moja, isije ikauzwa kwa magendo. Hilo la magendo lilituingia akilini, maana kila kitu siku zile kilikuwa na hadithi ya magendo.

Mimi nilipokea kwa mikono miwili. Kanuti akapokea. Salim akasema, "Ahsante ndugu, nina yangu." Yake ilikuwa na tundu la kupitisha kidole. Nikasema kwa sauti ili asikie, "Wengine hata cha bure cha taifa kinawaunguza." Bwana yule akatabasamu na kuandika kitu kwenye faili lake.

Hapa niwaambie jambo la kazi ambalo hamkulikuta. Kaboni iliyotumika mara ishirini imejaa herufi juu ya herufi, huoni kitu. Lakini kaboni mpya, ikitumika mara moja, kila herufi inaacha pengo lake pale wino ulipotoka. Ukiiinua kwenye mwanga unasoma barua yote, kuanzia salamu za shangazi mpaka jina la mwisho. Je, nililijua hilo? Nimejiuliza kwa miaka mingi. Nadhani sikulijua kwa sababu sikutaka kuinua ile karatasi. Kuinua mkono hakuna kazi yoyote, na sikuuinua. Mtu akiwaletea kifaa cha bure, muulizeni kinarudi wapi kikishatumika, na asipowajibu vizuri kirudisheni.

Nilikuwa na mteja wangu, Bi Mwanahawa, mkaanga samaki wa Feri. Alikuwa mama mnene, mcheshi, mikono imejaa alama za mafuta ya moto. Alinipenda kwa sababu mama yangu na yeye walikuwa wa upande mmoja wa Lindi, akaniita mwanangu. Mwanawe Rajabu alikuwa akiishi huko kwao, kwenye kijiji kipya walikohamishiwa watu. Siku moja kwenye mkutano alisimama akauliza korosho za kijiji zimeuzwa wapi. Jioni yake akaambiwa na rafiki kwamba anatafutwa, akakimbilia mjini kwa mama yake.

Bi Mwanahawa alikuja barazani kumwandikia dada yake. Nakumbuka barua ile neno kwa neno, mimi niliyefundishwa kusahau. "Dada, usilie tena, Kitumbua yuko kwangu, mzima. Mchana namficha ng'ambo ya Kigamboni kwa mvuvi mmoja. Jioni anavuka na pantoni ya saa kumi na mbili, anakula, analala, alfajiri anarudi. Usimwambie mtu." Kitumbua lilikuwa jina la Rajabu la utotoni, kwa mashavu yake. Mtu mzima wa miaka karibu thelathini! Tulicheka mimi na mama yake. Nilimsomea kwa sauti ya kuishia sikioni. Alinishukuru, akaniachia samaki wawili kwenye gazeti. Ijumaa nikarudisha kaboni.

Wiki iliyofuata alikuja hana kilemba, kanga moja, miguu ina vumbi kama ametembea kutoka mbali. Rajabu alikuwa amekamatwa Magogoni, alipokuwa anashuka kwenye pantoni. Mkaanga samaki mwenzake aliona yote. Watu watatu walisimama pale wanaposhukia abiria, na mmoja akaita, "Njoo, Kitumbua." Rajabu akageuka, akidhani ni mtu wa nyumbani.

"Jina hilo mjini hapa nimelitamka mahali pamoja tu," Bi Mwanahawa alisema. Alikuwa anatazama mashine yangu, si mimi. Kisha akasema, "Posta. Lazima posta wamefungua barua yangu, eti mwanangu?"

Nikasema, "Huenda, mama. Posta siku hizi."

Hiyo ndiyo sentensi inayonisumbua kuliko zote nilizowahi kuzipiga au kuzitamka. Alipoondoka nilibaki kwenye kiti. Salim alikuwa amesikia. Akanyanyuka, akavuka baraza kwa mara ya kwanza baada ya miaka minne, akachukua kaboni niliyotoka kuitumia asubuhi ile, akaiinua kwenye jua. Nikasoma. Ilikuwa barua ya mchukuzi mmoja kwa mkewe, kuhusu ugonjwa ambao mwanamume hamwambii hata ndugu yake.

"Kaka Salim," nikasema, "kwa nini hukuniambia?"

"Ningekwambia ungenipeleka kwa wakubwa," akajibu. "Na wewe ndivyo ulivyokuwa. Nami niliogopa. Basi tumeshiriki sote, tusidanganyane."

Kanuti alikuwa amesogea. Alichukua kaboni zake mwenyewe, akaziinua moja moja, midomo ikichezacheza kama mtu anayesali. Kisha akazitupa mezani. "Mimi balozi," alisema. "Nikitaka kujua nani kalala kwa nani, nabisha hodi, naingia, nakunywa chai yao, nauliza. Wananiona uso. Wakitaka kunidanganya wananidanganya uso kwa uso. Hii ya kumsoma mtu mgongoni sikutumwa na Chama."

"Ulitumwa," Salim akasema. "Ila hukuambiwa."

Nilidhani watapigana. Kanuti alimkazia macho, mishipa ya shingo imesimama. Halafu akakaa kwenye benchi la wateja, akasema taratibu, "Yawezekana." Sikuwahi kumsikia akisema neno hilo kuhusu jambo la Chama.

Kanuti ndiye aliyesema tuandike barua, tuipeleke kwenye tawi la Chama, tueleze kwamba barua za wananchi zinasomwa, tuulize alipo Rajabu. Ubishi ukaanza hapo hapo. Alitaka iandikwe na wana Chama wawili peke yetu, maana yenye jina la Salim ingesomwa kama ya wapinzani. Salim akamwambia kwamba yenye majina yetu peke yetu itasomwa kama manung'uniko ya nyumbani, itawekwa kwenye droo. Barua ya tawini siku zile ilianza kwa kutaja namba ya kadi, na kumalizia kwa "Kidumu Chama", kukitakia maisha marefu. Salim hakuwa na kadi. Tukibishana hivyo jua lilizidi kupanda na wateja wakapita wakatuona tuko pamoja, wakastaajabu.

Mwishowe Kanuti akasema, "Haya. Namba hatuweki. Hatuandiki kidumu wala kisidumu. Tunaandika sisi ni waandishi watatu wa baraza, basi." Akaichukua kadi yake, aliyokuwa ameiweka mezani tayari kunakili namba, akairudisha mfukoni. Kwa mtu kama yeye lilikuwa jambo zito, na mkono wake ulikawia mfukoni humo.

"Na kabla hatujapiga hata herufi," Salim akasema, "mwenye barua aambiwe. Mfano wetu ni barua yake. Issa, nenda ukamwambie."

Nilikwenda Feri kwa miguu. Bi Mwanahawa alikuwa anakaanga kama kawaida, kwa sababu samaki hawasubiri msiba. Nilimweleza nikiwa nimesimama, moshi ukinipiga machoni, tangu kaboni mpaka Ijumaa. Hakupiga kelele. Aligeuza samaki wote waliokuwa kwenye karai, mmoja mmoja, akamaliza. Kisha akasema, "Nilikupa samaki." Akarudia, "Nilikupa na samaki."

Nikamwomba msamaha. Aliuliza barua ataipiga nani, nikamwambia yeyote anayemtaka. "Basi apige yule Mwarabu," akasema. "Wewe usiiguse."

Salim akaipiga, kwa kaboni yake yenye tundu. Ilikuwa fupi. Ilisema watu wanatuletea maneno yao kwa kutuamini. Kwamba hatutaki tena kaboni za bure. Kwamba tunaomba barua ya mwananchi isisomwe na mtu ambaye hakuandikiwa. Na kwamba Rajabu aliuliza swali mkutanoni, na mkutano ni mahali pa kuuliza maswali. Tukaweka sahihi tatu. Tuliwapelekea pia waandishi wenzetu wa upande wa Mnazi Mmoja wasaini. Mmoja aliisoma mara mbili, akaikunja vizuri, akanirudishia, akasema ana watoto watano. Sikumlaumu wakati ule na simlaumu leo.

Zikapita kama siku kumi. Kanuti aliitwa tawini, akavuliwa ubalozi mbele ya wana Chama wenzake, akaambiwa ametekwa akili na wanyonyaji. Alirudi ameshika kofia mkononi. Mashine yangu ilichukuliwa "kwa uchunguzi", ikakaa huko miezi saba. Salim alichukuliwa yeye mwenyewe, siku arobaini. Barua moja, sahihi tatu, wino mmoja, na adhabu zikagawiwa kufuatana na majina tuliyokuwa tumepewa mtaani. Alipochukuliwa, aliyeenda kila asubuhi kuuliza yuko wapi alikuwa Kanuti, huyo ambaye Salim alikuwa hasemi naye ila kwa kupitia paka. Alisimama mlangoni kwa wakubwa na rozari yake, akaambiwa aondoke, kesho akarudi. Mimi nilikwenda naye mara mbili tu. Mara ya tatu niliogopa, nikasema naumwa.

Salim alitoka amekonda, sikio moja halisikii vizuri. Hakusimulia. Alikuja barazani akauliza mashine yake iko wapi. Kanuti alikuwa ameificha uvunguni mwa kitanda chake siku zote hizo, ndani ya gunia la mchele, na mkewe akiwa halali kwa hofu. Akaileta begani. Wakakaa meza jirani tangu hapo, mpaka Kanuti alipostaafu, wakibishana kila siku juu ya Chama. Salim hakukipenda, Kanuti hakukiacha. Ila mmoja akipiga barua, mwenzake alisogeza kiti mbali asisikie.

Msije mkadhani tulishinda. Bwana wa kaboni hakuja tena kwetu, hilo ni kweli. Lakini baada ya muda nilisikia waandishi wa baraza nyingine, mitaa miwili kutoka pale, wana nakala safi ajabu, nyeusi ti, katika mji usiokuwa na kaboni. Nilikwenda nikawaambia. Wawili walinisikiliza. Wengine walitazama kama kuna mtu ananiona nikiongea nao.

Rajabu aliwekwa kizuizini mkoa wa mbali. Baada ya miezi mingi mama yake aliruhusiwa kumwandikia, barua moja kwa mwezi, na akawa anakuja barazani kila mwisho wa mwezi. Alikaa kwa Salim, mgongo ukitazama mtaa. Mimi meza yangu ilikuwa hatua nne tu, na yeye kabla ya kusema neno alivuta upande wa kanga, akafunika mdomo upande wangu. Hakufanya kwa hasira. Alifanya kama mtu anayefunika chungu nzi wasiingie. Mara ya kwanza nilijifanya sikuona. Mara ya pili nikanyanyuka, nikaenda mpaka kona ya mtaa, nikasimama huko mpaka alipomaliza. Ikawa ndiyo desturi yetu. Nikimwona anakuja, naondoka. Tuliifuata desturi hiyo kwa zaidi ya miaka miwili, na sikuwahi kusikia hata salamu moja ya barua zile.

Siku moja alikuja katikati ya mwezi. Nikamwona kwa mbali, kilemba kipya, pembeni yake mtu mrefu anayetembea polepole. Sikutazama zaidi. Nikasimama nikaenda kwenye kona, nikageukia ukuta, nikasubiri kama kawaida yangu.

Niliporudi Salim alikuwa anajipangusa macho, na Kanuti ameshika bakuli la samaki. "Rajabu katoka," Salim akasema. "Alikuwa hapa hapa. Wamekuja kutuaga, wanarudi Lindi na boti ya kesho."

Nikakaa. Nikauliza kama waliniulizia.

Salim akachukua karatasi, akaipachika kwenye mashine, akaiweka sawa pembeni kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. "Hawakuuliza," akasema.